Tusiwasahihishe Marehemu Wetu

Kifo cha kijana huwaachia jamaa zake kazi mbili. Ya kwanza ni kumzika, na kazi hiyo jamii zetu huifahamu barabara: matanga huwekwa, michango hukusanywa, wasifu wa marehemu huandikwa na kusomwa mbele ya waombolezaji. Ya pili huja baada ya mahema kukunjwa na wageni kurejea makwao. Hapo ndipo mama, kaka au dada huingia chumbani mwa marehemu, na iwapo alikuwa mtu wa kubuni, hukuta madaftari ya mashairi, tamthilia iliyokomea onyesho la pili, nyimbo zilizorekodiwa nusunusu, michoro iliyoviringishwa na kuwekwa juu ya kabati. Afanye nini na vitu hivyo?

Makala haya yanahusu kazi hiyo ya pili, na hasa jaribu moja linalowakabili wanaoifanya kwa mapenzi. Jaribu lenyewe ni hamu ya kumsahihisha marehemu.

Sisi tunaofundisha lugha twalijua jaribu hili kwa karibu. Mara kwa mara mwanafunzi hufika akiwa na daftari la ndugu yake aliyefariki, na ombi lake huwa ni lilelile: mwalimu, nisaidie kuisafisha kazi hii tuichapishe. Kusafisha huku kuna maana nyingi. Kuna kuondoa maneno ya Sheng. Kuna kuigeuza lahaja ya nyumbani iwe Kiswahili sanifu. Kuna kuliacha nje shairi la mapenzi ambalo wazazi wakilisoma wataona haya. Na pale marehemu alipoandika kwa hasira juu ya baba yake au mwalimu wake, kuna kulilainisha neno hadi lisimchome mtu. Ombi hili hutoka katika moyo safi, na ndiyo sababu ni zito kulikataa. Hata hivyo nashikilia kwamba linafaa kukataliwa. Nitaeleza kwa kutumia kisa cha familia moja ya Uingereza ya karne ya 19, kwa kuwa mapenzi ya dada kwa dada zake marehemu, pamoja na madhara ya mapenzi hayo, yanaonekana humo waziwazi.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza wanalifahamu jina la Brontë. Patrick Brontë, mzaliwa wa Ayalandi, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana katika kijiji cha Haworth, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Alijaliwa watoto sita. Mkewe alifariki mwaka 1821. Mwaka 1825 mabinti wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani wagonjwa kutoka shule ya bweni na kufariki kwa kifua kikuu, mmoja akiwa na umri wa miaka 11 na mwenziwe miaka 10. Wakabaki wanne: Charlotte, kaka yao Branwell, Emily na Anne.

Mwaka 1826 baba alimletea Branwell askari wadogo wa mbao. Watoto wakawapa askari hao majina, wakawabunia nchi, vita na magazeti, na kuyaandika yote katika vijitabu vidogo mno kwa herufi ambazo jicho la mtu mzima lilizisoma kwa taabu. Huenda ikamshangaza msomaji wetu kusikia kwamba nchi hiyo yao ya kwanza waliiweka katika pwani ya Afrika Magharibi, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupaona. Baadaye Emily na Anne walijitenga na kubuni kisiwa chao wenyewe, Gondal. Hadithi za nathari walizoziandika kukihusu kisiwa hicho zimepotea zote. Mashairi ndiyo yaliyosalia.

Katika majira ya vuli ya mwaka 1845 Charlotte aliliona kwa bahati daftari la mashairi ya Emily. Alilisoma, akatambua kwamba hayo si mashairi ya kawaida. Emily alikasirika sana kwa siri yake kufunuliwa. Kwa maelezo ya Charlotte mwenyewe, kumtuliza kulichukua saa nyingi, na kumshawishi akubali kuyachapisha kulichukua siku kadhaa. Hatimaye, mwaka 1846, madada hao watatu walichapisha kitabu kimoja cha mashairi kwa gharama yao wenyewe, kwa lakabu za Currer, Ellis na Acton Bell, majina yasiyobainisha iwapo waandishi ni wanaume au wanawake. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili.

Hawakukata tamaa. Mwaka 1847 zilitoka riwaya tatu: *Jane Eyre* ya Charlotte, *Wuthering Heights* ya Emily na *Agnes Grey* ya Anne. Mwaka uliofuata Anne alitoa ya pili, *The Tenant of Wildfell Hall*. Kisha mauti yakaingia nyumbani. Branwell, ambaye ulevi na kasumba vilikuwa vimemdhoofisha, alifariki Septemba 1848 akiwa na miaka 31. Emily alifariki tarehe 19 Desemba mwaka huohuo akiwa na miaka 30, baada ya kukataa daktari kwa majuma mengi. Anne alifariki tarehe 28 Mei 1849, mjini Scarborough, akiwa na miaka 29. Kwa muda wa miezi minane Charlotte alizikiwa kaka mmoja na dada wawili. Akabaki peke yake na baba mzee, pamoja na sanduku la karatasi zilizoandikwa na mikono ambayo sasa ilikuwa kaburini.

Naomba msomaji ajitie katika nafasi yake kabla hajamhukumu. Wahakiki wengi walikuwa wamekishambulia kitabu cha Emily kwa ukali wa lugha na wa tabia za wahusika wake. Wengine walidai kwamba Ellis Bell hakuwapo, kwamba kitabu hicho ni jaribio la awali la yuleyule aliyeandika *Jane Eyre*. Marehemu alikuwa akinyang'anywa kazi yake na wakati huohuo akitukanwa kwa ajili yake. Mwaka 1850 Charlotte alijitokeza kumtetea. Alitoa toleo jipya la *Wuthering Heights* na *Agnes Grey* pamoja na mashairi teule, akaandika wasifu wa dada zake na dibaji, akawaeleza walimwengu Ellis na Acton walikuwa nani. Hakuna taabini nyingi katika fasihi ya Kiingereza zilizoandikwa kwa uchungu kama ule. Mgala muue na haki yake umpe: bila juhudi za Charlotte, tangu siku ya lile daftari, yamkini tusingekuwa na Emily Brontë wa kumsoma.

Lakini tuangalie alichokifanya alipokuwa akimtetea.

Kwanza, aliigusa lahaja. Katika *Wuthering Heights* mna mtumishi mzee aitwaye Joseph, mcha Mungu mwenye ulimi wa upanga, ambaye husema lahaja nzito ya Yorkshire. Emily alikuwa ameyaandika matamshi yake kwa uangalifu mkubwa. Charlotte aliibadilisha tahajia ya maneno ya Joseph. Katika barua kwa mhariri wa wachapishaji wake alieleza kwamba ingawa matamshi hayo yalikuwa sahihi kwa sikio la mtu wa Yorkshire, wasomaji wa kusini wasingemwelewa mhusika huyo.

Hoja hiyo ina mashiko, na ni hoja ambayo kila mhariri wa Kiswahili amewahi kuitoa. Kasoro yake ni kwamba inauliza msomaji anataka nini, na haiulizi mwandishi alikusudia nini. Riwaya hiyo inaanza kwa mpangaji mgeni anayefika katika nyumba isiyopenda wageni. Mlango ni mgumu kufunguka, mbwa wanamrukia, na mzee Joseph anamjibu kwa lugha ambayo mgeni huyo haimkai vizuri masikioni. Ugumu wa lahaja ni sehemu ya ugumu wa mlango. Msomaji wa kusini asiyemwelewa Joseph yumo palepale ambapo mwandishi alitaka awemo. Isitoshe, suala la nani asemaye vizuri na nani asemaye vibaya limo ndani ya hadithi yenyewe. Kijana Hareton, aliyenyimwa elimu makusudi, huchekwa kwa matamshi yake na kwa kutojua kusoma, na karibu na mwisho ni binamu yake Catherine, yuleyule aliyemcheka, anayeketi naye na kumfundisha. Aliyeiandika hadithi hiyo alijua thamani na gharama ya kila matamshi aliyoyatia kitabuni.

Pili, aliyagusa mashairi. Aliondoa majina na dalili za Gondal, akabadilisha maneno, akatia vichwa vyake mwenyewe, na mahali pengine akaongeza mistari ambayo Emily hakuiandika. Msomaji wa mwaka 1850 hakuelezwa hayo. Alidhani anamsikia marehemu, kumbe palepale alikuwa akisikia sauti mbili.

Tatu, alimgusa marehemu mwenyewe. Alimchora Emily kama binti wa shamba, mnyoofu, asiye msomi, ambaye kipaji kilimtumia yeye kama chombo hata asijue vema alichokiumba. Ni kweli kwamba Emily alipenda nyumbani kuliko ugenini. Lakini ni Emily huyohuyo aliyekwenda Brussels mwaka 1842 pamoja na Charlotte, akasoma huko na kuandika insha za Kifaransa ambazo baadhi yake zipo hadi leo, na kabla ya hapo aliwahi kuwa mwalimu wa shule. Charlotte aliyajua haya kuliko mtu yeyote. Nadhani alitaka kumwombea dada yake msamaha kwa kitabu kilichowaudhi watu, na njia rahisi ya kumwombea mtu msamaha ni kusema hakujua alitendalo. Lakini msamaha wa namna hiyo una bei. Marehemu huondolewa lawama, na pamoja nayo huondolewa akili yake.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, alimnyamazisha Anne. *The Tenant of Wildfell Hall* ni hadithi ya mke anayemkimbia mume mlevi ili kumwokoa mwanawe. Ulevi ulikuwa umeishi nyumbani mwa akina Brontë, na si ajabu kwamba kitabu hicho kiligusa donda bichi. Wachapishaji walipotaka kutoa upya vitabu vya marehemu, Charlotte alisema hakioni kitabu hicho kuwa cha kuhifadhiwa, akaandika kwamba uteuzi wa mada yake ulikuwa kosa. Basi kikaachwa nje ya toleo la mwaka 1850. Anne alikuwa tayari ameijibu hoja hiyo alipokuwa hai: katika dibaji ya toleo la pili la mwaka 1848 alisema kwamba lengo lake lilikuwa kusema ukweli, na akaeleza kwa nini maovu yafaa kuonyeshwa kama yalivyo. Jibu lake lilikuwa limechapishwa. Halikumsaidia. Kwa miongo mingi alihesabiwa kuwa dada mdogo mpole asiye na uzito, na ilibidi wasomaji wa karne ya 20 waanze upya kumtambua.

Kwa nini nawaeleza haya walimu na wanafunzi wa Kenya? Kwa sababu kila moja ya hatua hizo nne tunaichukua hapa kwetu, na aghalabu hatuna habari kwamba tunaichukua.

Tutazame lahaja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliikubali lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi yake. Faida za usanifishaji hazikanushiki. Gazeti hili lisingesomeka kutoka Lamu hadi Busia bila huo. Lakini chukua mshairi kijana wa Mombasa aliyeandika "mato" badala ya "macho" katika ubeti wenye kina cha "to". Mhariri mwenye nia njema akiliweka "macho", kina kimevunjika. Ili kukiunga itamlazimu atafute neno jingine lenye "to", na neno hilo litakuwa na maana nyingine. Akishalibadilisha neno la pili, mshororo si wa marehemu tena. Ahmad Nassir katika *Malenga wa Mvita* (1971) na Abdilatif Abdalla katika *Sauti ya Dhiki* (1973) walichapishwa na Kimvita chao, na vitabu hivyo vikasomwa hadi bara. Hao walikuwa hai na waliweza kujisemea. Kijana aliyelala kaburini anamtegemea mhariri kwa kila herufi.

Tutazame pia wasifu. Soma nyasifu kumi za vijana katika vijitabu vya mazishi na utadhani ni mtu mmoja aliyekufa mara kumi: alikuwa mpole, mcheshi, mwenye bidii, mpenda watu, nguzo ya familia. Mila yetu inakataza marehemu kusemwa vibaya, nami siipingi. Lakini kutomsema vibaya si sawa na kumsema kana kwamba ni mtu mwingine. Kijana aliyekuwa mkaidi, aliyebishana na baba yake kuhusu kuacha masomo ya sayansi ili aimbe, hapati heshima yoyote tunapomgeuza kuwa mtiifu baada ya kufa. Ubishi ule ndio uliompa nyimbo zake.

Mwalimu husahihisha insha ya mwanafunzi aliye hai ili mwanafunzi huyo aandike vyema zaidi kesho. Mwanafunzi anaweza kubisha, anaweza kueleza kwa nini alitumia neno fulani, anaweza hata kumshinda mwalimu. Marehemu hana kesho ya kuandikia wala ulimi wa kubishia. Kalamu nyekundu ikipita juu ya daftari lake haimfunzi lolote. Inawafariji waliobaki, na faraja hiyo inalipiwa kwa mali ya mtu asiyeweza kuitetea.

Yupo atakayeuliza: je, marehemu hana haki ya siri? Emily alikasirika daftari lake liliposomwa akiwa hai. Je, hatumdhulumu tunapoyaanika yote? Swali hili ni la haki. Jibu langu ni kwamba kuficha na kughushi ni mambo mawili tofauti. Familia ina haki ya kuiweka barua ya siri sandukuni kwa miaka 20 au 30, hadi waliotajwa humo wasiweze kuumizwa. Haina haki ya kuiandika upya. Karatasi iliyofichwa inaweza kufunuliwa siku moja. Iliyochomwa au kubadilishwa huku ya asili ikitupwa haina dawa.

Kisa cha Emily chenyewe kinalithibitisha hilo. Kwa kuwa madaftari yake ya mashairi yalinusurika, wataalamu waliweza kurudi nyuma ya marekebisho ya Charlotte, na mwaka 1941 C. W. Hatfield akatoa mashairi hayo kwa kufuata maandishi ya Emily. Daftari moja, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa mikononi mwa watu binafsi, lilijitokeza tena hadharani mwaka 2021 likiwa na alama za penseli za Charlotte juu ya mwandiko wa dada yake, na likanunuliwa ili liwe mali ya umma. Riwaya nayo ilirudishwa katika maneno ya toleo la mwaka 1847, na leo wasomaji wengi humsikia Joseph kama Emily alivyomsikia. Lakini zile hadithi za Gondal, ambazo karatasi zake hazikubaki, hakuna mtaalamu awezaye kuzirudisha.

Basi kwa familia na walimu wanaojikuta na amana ya namna hii, nashauri hivi. Anzeni kwa kuhifadhi, kabla ya kufikiria kuchapisha. Vijana wa siku hizi huandika na kurekodi katika simu. Simu ya marehemu huuzwa au kupewa mdogo wake baada ya arubaini, na yote yaliyomo yakafutwa. Nakilini kwanza. Andikeni tarehe kila inapojulikana. Mnapochapisha, tenganisheni kosa la kalamu na uteuzi wa mwandishi: aliyeruka herufi moja katika neno anaweza kurudishiwa herufi yake, lakini lahaja, Sheng, neno kali na kina kilichopotoka viacheni kama vilivyo. Neno gumu lifafanuliwe chini ya ukurasa, pale ambapo msomaji ataona wazi kwamba anayesema ni mhariri. Na mkigusa chochote, semeni mmegusa nini. Hili mwanafunzi wa sekondari anaweza kulifanya, na shule zenye majarida yake zinaweza kuanza nalo muhula huu.

Charlotte naye hakukawia. Alifariki tarehe 31 Machi 1855 akiwa na miaka 38, wa mwisho kati ya watoto sita, akimwacha baba yake hai. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa kutowapenda dada zake. Funzo lake kwetu ni kwamba mapenzi hayatoshi kuwa mhariri. Ukikabidhiwa daftari la mdogo wako, lilie utakavyo, kisha linakili neno kwa neno kama alivyoliacha. Mengine yote yanaweza kungoja.